Fizi za Mbwa wa Kapteni

Siku ya tatu mbwa alipokataa mfupa, Mwanawetu aliusukuma ule mfupa kwa fimbo mpaka ukagusa pua yake, akangoja. Mbwa hakufumbua hata jicho. Nzi mmoja alitembea juu ya kope lake, akaenda zake, akarudi na wenzake. Mwanawetu akaiweka fimbo chini, akasema peke yake, "Tumekwisha."

Hakuwa mwanamke wa kutia chumvi. Mbwa mwenyewe alikuwa wa Kapteni, na Kapteni alikuwa ng'ambo ya barabara, katika ile nyumba ya ghorofa ambayo Wahindi waliiacha na mapazia yake walipofukuzwa. Wiki mbili na siku kadhaa nyuma alikuwa ameingia na mbwa wake chumba cha mbele, ambako Bashir, mume wa Mwanawetu, alikuwa na cherehani yake. Bashir ndiye aliyemshonea Kapteni kaunda suti zake, zile nne zote, na alijua kiuno cha mtu yule kuliko alivyojua cha kwake.

"Fundi," alisema Kapteni, "mimi nakwenda kazi mpakani. Wiki tatu. Hii mbwa nabaki na wewe."

"Afande," alisema Bashir, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, "sisi ni watu wa msikiti. Mbwa kwetu..."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Askari yangu nakula nyama yake. Watu ya msikiti hapana iba." Akamkuna mbwa kati ya masikio. "Anaitwa Taiga. Mimi napenda hii mbwa kushinda watu."

Alisema maneno hayo kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliomfanya Bashir ajichome kidole. Mtaa wa Old Kampala mwaka ule wa sabini na saba ulikuwa umekwisha kujifunza kuogopa sauti za chini. Mwalimu Dawudi wa chuo alichukuliwa na watu watatu waliomwita "mzee" na kumfungulia mlango wa gari kwa adabu. Viatu vyake tu ndivyo vilivyobaki barazani.

Basi Taiga alifungwa uani, kwenye nguzo ya bafu la zamani, na nyumba ikajiwekea sheria. Sahani yake mbali na za watu. Chakula husukumwa kwa fimbo. Pua yake yenye majimaji ikigusa kitu, kitu hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama walivyofundishwa tangu wadogo. Na sabuni ilikuwa ile ya mche mmoja unaokatwa kwa uzi vipande sita! Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema walimnyima. Mbwa yule alikula utumbo na posho ya maziwa wakati wenye nyumba wanakula muhogo. Ila katika siku zote hizo hakuna mkono wa mtu uliomgusa hata mara moja. Kosa lilikuwa hapo, nao walidhani ndio uangalifu wenyewe.

Bashir akaja uani, akasimama mbali.

"Labda ni moyo, Mama Hindu. Anamtamani bwana wake."

"Moyo haumfanyi mtu ateme povu."

"Povu?" Bashir akarudi nyuma hatua mbili. "Basi ni kichaa cha mbwa. Tusimsogelee. Tumwache, likitokea la kutokea tutasema Mungu kapenda."

"Wewe utakwenda kumwambia Kapteni kwamba Mungu kapenda?"

Bashir alivuta utepe shingoni, akauzungusha mkononi, akaukunjua tena. Mwanawetu alimtazama, akaona jinsi mashavu yake yalivyoingia ndani mwaka huu. Walikuwa wameozesha binti yao Hindu, wamezika wazazi, wamevuka mambo mengi pamoja, na sasa huyu mwanamume angeweza kuondoka kwa sababu ya mbwa. Siku nne zilibaki.

Juu ya ua kikatokea kitambaa cha kichwa cha Concy, jirani yao Mwacholi aliyefua nguo za watu. Siku hizo Concy hakuongea na mtu kwa sauti; watu wa kabila lake walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Alitazama pande zote kwanza.

"Mama Hindu, kuna mtu Kamwokya, nyuma ya soko. Anauza makaa. Zamani alikuwa anatibu wanyama, kazi ya serikali. Muulize Mzee Odur." Akashuka, kisha kitambaa kikapanda tena. "Usiseme hapa unakwenda kwa nani. Na usiseme kule ni mbwa ya nani."

*

Odur alikuwa mtu mrefu aliyejifunza kukaa kifupi. Alichuchumaa nyuma ya makopo ya makaa, uso umepakwa vumbi jeusi ambalo, ukiangalia vizuri, lilikuwa jingi kuliko la kazi. Mwanawetu akamsalimu, akaweka mbele yake kifurushi cha sukari, nusu kilo, iliyokuwa ya mwezi mzima.

"Mbwa wangu anaumwa," alisema.

Odur aliangalia ushungi wake, akaangalia mikono yake iliyopauka kwa kuoshwa.

"Nakunywa maji?"

"Tunamwekea."

"Sijauliza kuweka. Nakunywa?"

"Kidogo. Jana. Leo sijui."

"Nakimbia maji? Sauti yake nabadilika? Nauma kamba, nauma mbao?"

"Hapana. Amelala tu."

"Basi si kichaa, bado. Fizi yake ni rangi gani?"

Mwanawetu akatazama makopo ya makaa.

"Mkojo yake?"

Akavuta ushungi mbele.

"Mwili ni moto? Ndani ya masikio kuna nini? Kati ya vidole?"

Wanawake wawili waliokuja kununua makaa walisimama kusikiliza. Mwanawetu alihisi uso unamuwaka. Alikuwa mke wa fundi, mtu aliyesoma, aliyefundisha watoto wa mtaa alifu na be, na sasa muuza makaa alikuwa akimhoji kuhusu mkojo wa mbwa mbele za watu, naye hana hata jibu moja.

Odur akawapimia wale wanawake makaa yao. Walipoondoka akasema chini chini, "Mama, nyinyi nakaa na yeye siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na hakuna mtu nashika yeye?"

"Dini yetu..."

"Mimi sisemi dini. Mbwa hana mdomo ya kusema. Kama hutaki kushika, yeye nasema na nani?" Akasukuma sukari kurudi kwake. "Kwenda, tazama mambo nne. Fizi, mkojo, masikio, kati ya vidole. Kesho rudi, niambie. Bila hiyo dawa yangu nafanya kazi ya bure, na mimi niko na moja tu."

*

Alirudi nyumbani kwa miguu kupitia Wandegeya, akipita mbele ya kituo cha polisi macho yakiwa chini. Njia nzima alikuwa akiyasema kimoyomoyo kama mtoto anayetumwa dukani. Fizi, mkojo, masikio, kati ya vidole.

Bashir alitaka kufanya yeye. Alikunja mikono ya kanzu, akapiga bismillahi, akafika hatua moja kutoka kwa mbwa, na hapo miguu ikagoma. Utotoni aliumwa na mbwa kule Kibuli na kovu lilikuwa bado pajani. Mwanawetu hakumcheka. Alimwambia aende achote maji na udongo safi, akachuchumaa yeye mwenyewe.

Kwanza aliweka kiganja ubavuni. Joto lilimshtua, lilikuwa joto la mtoto mwenye malaria, na mbavu zilikuwa zikienda mbio chini ya ngozi. Mbwa akafumbua jicho moja, akamtazama, akapiga mkia ardhini mara moja tu. Mwanawetu alikuwa amejiandaa kwa meno. Kwa ule mkia hakuwa amejiandaa, na machozi yakamtoka bila kutaka.

"Haya, haya," alimwambia. "Nionyeshe."

Alifunua mdomo kwa vidole viwili. Fizi zilikuwa nyeupe, rangi ya uji. Aliinua sikio, akalirudisha haraka, kisha akajilazimisha kuliinua tena. Ndani walikuwa wamepangana kupe, wengine wadogo kama mbegu za ufuta, wengine wamevimba damu kama punje za mahindi. Kati ya vidole ni wao. Chini ya ukanda wa shingo ni wao. Na pale sakafuni alipojikojolea palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi.

"Baba Hindu," aliita, "hawa wadudu wamemnywa wote. Sisi tunampa maziwa, wao wanakunywa damu, na sisi tumekaa na fimbo."

Bashir alimmwagia maji mara saba. Mara ya udongo alimsugulia yeye mwenyewe mikono, taratibu, mpaka viwikoni.

*

Kesho yake Odur alisikiliza majibu manne akitikisa kichwa kwa kila moja.

"Homa ya kupe," alisema. "Ulingojea kidogo tena, ulikuwa nazika. Uzito yake?"

"Kama nusu gunia la mchele."

Akaingia ndani ya banda lake, akakaa muda, akatoka na kikaratasi chenye unga wa manjano, kichupa cha maji yaliyochemshwa na bomba la sindano lililofungwa kwenye kitambaa. Alimweleza kuchanganya, alimchorea kwa kijiti mavumbini mstari wa kuvutia dawa, akamwonyesha mahali pa kuchoma kwenye paja lake mwenyewe.

"Hii ni ya ng'ombe, lakini inasaidia mbwa. Mara moja tu. Ukiongeza, unaua. Kupe toa moja moja, usikate kichwa kikabaki ndani, tia kwenye mafuta ya taa. Halafu maini na maji. Fizi ikirudi rangi ya waridi, mbwa ni mzima."

Safari hii alichukua sukari. Mwanawetu alikuwa ameinuka tayari alipomsikia akisema, "Mbwa ya mkubwa gani?"

Alisimama. Angeweza kusema uongo mwingine, lakini yule mtu alikuwa amempa dawa yake ya mwisho.

"Kapteni. Anakaa mbele yetu."

Odur akafumba macho kidogo. "Mimi najua hiyo mbwa. Nilichanja yeye akiwa mtoto, bado mbwa ya Mhindi. Na najua Kapteni." Akaanza kupanga makopo yake ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Alikuja kwetu ofisini na orodha. Tulikuwa watano jina yetu inaanza na O, Walangi na Waacholi; nabaki mimi. Kwenda, Mama. Mbwa hana kosa. Lakini kama mtu anauliza nani nafundisha wewe..."

"Hakuna aliyenifundisha."

"Ndiyo," alisema Odur. "Hakuna."

Karibu na Wandegeya askari wawili walisimamisha watu. Sindano ilikuwa ndani ya nywele zake, chini ya ushungi, na bomba kifuani. Askari alimwaga kapu lake la ndizi chini, akazipiga teke moja moja, akachukua zilizo nzuri. Mwanawetu alizikusanya zilizobaki, akashukuru. Alishukuru kweli, kwa moyo wote, na baadaye aliona haya.

*

Bashir alikata manyoya ya paja kwa mkasi wake wa ushonaji, akageuza uso pembeni, akashika miguu ya nyuma. Kushika ndiko alikoweza. Mwanawetu alichoma sindano kama Odur alivyomwonyesha, akasukuma polepole, akachomoa. Mbwa alilia kidogo, akamlamba mkono. Ulimi ulikuwa wa moto na mkavu.

Siku mbili hizo alitoa kupe mpaka macho yakamuuma. Aliwahesabu mpaka mia na arobaini, akaacha. Sabuni iliisha; akawa ananawa kwa maji na udongo peke yake. Asubuhi ya tatu Taiga alikunywa maji bakuli zima. Jioni alikula maini mkononi mwake, akitafuna polepole mithili ya mzee aliyepungukiwa meno. Bashir, aliyekuwa mlangoni, akacheka, kisha akaketi kizingitini akafunika uso. Alikuwa analia. Hapo ndipo Mwanawetu alipojua kwamba mumewe hakuwa amelala tangu mwanzo.

"Yamekwisha, Baba Hindu," alimwambia. "Atamkuta mzima."

Kwa kweli hilo tu ndilo walilokuwa wameliomba.

*

Kapteni alirudi siku iliyofuata, mchana, na askari wawili. Hakubisha hodi. Alipita chumba cha cherehani moja kwa moja mpaka uani, akasimama, akapiga mluzi.

Taiga aliinua masikio. Alimtazama bwana wake, akatikisa mkia mara mbili tatu kwa heshima. Kisha akaenda kukaa nyuma ya Mwanawetu, kichwa kikiwa kwenye kanga yake.

Askari mmoja alicheka, akakatiza kicheko katikati. Kapteni hakugeuka kumwangalia. Alitembea mpaka kwa mbwa, akachuchumaa, akapitisha mkono mgongoni, mbavuni, akafika pajani ambako manyoya yalikuwa yamekatwa na uvimbe bado upo.

"Nini hii?"

"Aliumwa, Afande," alisema Bashir. "Homa ya..."

"Nauliza mama."

"Homa ya kupe," alisema Mwanawetu. Alisikia sauti yake ikitokea mbali. "Nilimchoma sindano."

"Wewe."

"Mimi."

"Mwanamke ya msikiti nashika mbwa yangu, nachoma sindano." Alisimama. Alikuwa anaongea polepole sana. "Madaktari ya mifugo wote nakimbia. Mimi najua, kwa sababu mimi natafuta wao. Iko moja bado, hapa hapa Kampala, Mlangi mrefu. Nani nakupa dawa, Mama?"

Ng'ambo ya ua, kitambaa cha Concy, ambacho kilikuwa kikionekana nusu, kilitoweka. Bashir alikuwa na rangi ya jivu. Mwanawetu alijua kwamba jina moja tu lingelimaliza jambo hili, jina na mahali, nyuma ya soko, na mumewe angelala nyumbani usiku ule. Jina lilikuwa mdomoni mwake. Alilimeza.

"Babu yangu alikuja huku na punda wa biashara, toka pwani," alisema. "Alijua dawa za wanyama. Nilikulia mikononi mwake. Unga wa sindano niliutoa katika vitu vyake vya zamani."

"Nionyeshe."

Akapiga magoti. Mikono ilipomgusa mbwa ilijua kazi yake, kwa kuwa ilikuwa imezoea. Alifunua mdomo wa Taiga, akaingiza vidole hadi nyuma ya magego, na mbwa akamwachia, macho nusu yamefumba.

"Fizi kwanza," alisema. "Zikiwa nyeupe, damu imekwisha. Zikiwa waridi, mzima. Halafu mkojo, ukiwa rangi ya chai, ni homa ya kupe. Masikio, unaangalia mpaka ndani. Kati ya vidole." Aliinua mguu mmoja mmoja na kutenganisha vidole. Taiga alijilaza chali, akampa tumbo.

Kapteni alitazama mpaka mwisho. Hata yeye, mbwa yule hakuwahi kumwachia mdomo hivyo, na ilionekana usoni mwake kwamba anajua. Kisha uso ukafunguka akatabasamu, na Mwanawetu akaona bora asingetabasamu.

"Kweli ni wewe," alisema. "Mzuri. Sisi kule kambini tuko na mbwa kumi na mbili. Saba ingine nakufa mwezi hii. Kesho asubuhi gari nakuja kuchukua wewe."

"Afande," Bashir alianza, "mke wangu si..."

"Nakuja saa mbili, Fundi. Wewe maliza suti yangu."

Akamfunga Taiga mnyororo, akamvuta. Mbwa alikataa kutoka mpaka Mwanawetu alipompeleka yeye mwenyewe hadi mlangoni.

*

Walipobaki peke yao Bashir akarudi kwenye suti ya Kapteni. Mwanawetu akaenda kwenye ua, akamwita Concy. Alihitaji kujua ya kichaa, ya minyoo, ya vidonda, mambo yote ambayo Odur hakumwambia kwa kuwa hakuuliza.

"Mjomba Odur hayupo," Concy alinong'ona. "Ameondoka juzi. Usiniulize wapi." Akamshika mkono juu ya ua, kwa nguvu. "Nilisikia yote, Mama Hindu. Sitasahau mpaka nakufa."

Mwanawetu alifurahi kwamba Odur hayupo, na papo hapo akaogopa. Sasa daktari wa mbwa kumi na wawili alikuwa yeye, na elimu yake yote ilikuwa mambo manne.

Asubuhi gari lilikuja saa mbili kasoro. Lilikuwa lile la kijani lenye turubai. Mtaa mzima uliliona. Mapazia yalicheza, kisha yakatulia, na Mwanawetu alijua kila mmoja ndani anamhesabu pamoja na Mwalimu Dawudi. Alivaa viatu vyake vizuri, akavifunga kamba mara mbili. Bashir alimpa kopo la maziwa la zamani, amelifunika kwa kipande cha kitambaa cha suti na kukishona pembeni kwa mshono mzuri kuliko uliohitajika.

"Nimeuchekecha," alisema.

Askari aliyekaa nyuma alilinyooshea kidole lile kopo. "Nini hii?"

"Udongo."

"Ya nini?"

"Wa kunawa."

"Kule iko sabuni, Mama," alisema askari, akashangaa kidogo, akahama kumpisha. Taiga alikuwa ndani tayari, amefungwa kwenye chuma. Alipomwona alilia, akalaza kichwa juu ya magoti yake.

Gari liliondoka. Bashir alikuwa amesimama mlangoni, utepe shingoni, mkono umeinuliwa nusu, na lilipokata kona hakuonekana tena. Mwanawetu hakujua afanye nini na mikono yake. Basi akamfunua mbwa mdomo, akaangalia fizi. Zilikuwa waridi.